Pai na Karamu ya Bia

Waswahili wa zamani walikuwa na neno bia kabla ya neno hilo kumezwa na kinywaji cha kigeni. Kula bia kulikuwa ni kula kwa shirika: huyu alileta mchele, huyu nazi, huyu kitoweo, na wote wakalizunguka sinia moja. Desturi yenyewe haina taifa. Waingereza nao wana neno lao, ambalo tafsiri yake ni bahati ya chungu. Lilionekana katika maandishi ya Thomas Nashe ya mwaka 1592, na maana yake ya kwanza ilikuwa chakula apewacho mgeni afikaye bila taarifa, yaani chochote kilichomo chunguni siku hiyo. Katika karne ya 20, huko Marekani, neno lile lile lilipewa karamu ambayo kila mwalikwa huja na chombo chake mkononi.

Mwenye kuandaa karamu ya namna hiyo hukabiliwa na hofu mbili. Akimwachia kila mtu alete apendacho, huenda wageni ishirini wakaja na mabakuli ishirini ya kachumbari, na wote wakarudi na njaa. Akiamuru kila kitu kwa orodha, bia hugeuka kodi, na wageni huileta kama waletavyo kodi. Baina ya hofu hizo mbili pana njia ya tatu, nayo ni kutaja jina moja pana, lenye mipaka iliyolegea, kisha kuziacha akili za wapishi zifanye kazi. Katika nchi zisemazo Kiingereza jina moja lifaalo sana kwa kazi hiyo ni pai. Upana wake haukutungwa na mtu. Ulitokana na karne nyingi za njaa, shibe, ubahili na hila za jikoni. Ndani ya historia yake mna kijiji kilichojaribu kula pai moja na mji ambao pai zake nyingi ndogo zilisaidia kuiangusha sheria dhalimu.

Asiyeijua pai na afikirie sambusa kubwa iliyookwa tanurini badala ya kukaangwa, yenye nyama, samaki, mboga au matunda ndani ya ganda la unga. Neno lake limekutwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika hesabu za matumizi za watawa wa Bolton, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Asili ya neno hilo ina ubishi. Wako wasemao kwamba linatokana na jina la ndege mmoja, jamaa ya kunguru, ambaye husifika kwa kukusanya vikorokoro vya kila aina. Na kama dhana hiyo ni kweli, basi tangu siku ya kwanza pai lilikuwa jina la mchanganyiko. Ganda lake liliitwa kwa neno ambalo siku hizo lilimaanisha kasha, na ambalo leo kwa Kiingereza maana yake ni jeneza. Lilikuwa kasha kweli. Unga na maji vilikandwa vikawa ukuta mnene uliosimama wenyewe bila sufuria, ukaihifadhi nyama isiungue wala isikauke, na baadaye ikasafirika. Wapishi wa Mfalme Richard wa Pili, ambao mapishi yao yalikusanywa yapata mwaka 1390, waliyajua makasha hayo vizuri. Utamu wa ganda ni jambo la baadaye, unga ulipoanza kuchanganywa na mafuta na siagi.

Katika jimbo hilo hilo la Yorkshire, baina ya miji ya Huddersfield na Barnsley, kuna kijiji kiitwacho Denby Dale. Mto mdogo wa Dearne hupita bondeni mwake, na riziki ya watu wake wa zamani ilitoka katika sufi ya kondoo, waliyoifuma majumbani na halafu viwandani. Pengine jina la kijiji hicho lisingalivuka milima ya jirani kama si ada yake moja: tangu karne ya 18, litokeapo jambo kubwa la kushangilia, kijiji hupika pai moja kubwa ya kuliwa na wote.

Mapokeo yanasema kwamba pai ya kwanza ilipikwa mwaka 1788 kwa furaha ya kupona kwa Mfalme George wa Tatu, aliyekuwa amepatwa na wazimu. Hapo pana kasoro ambayo mwanafunzi wa historia hawezi kuifumbia macho. Maradhi makubwa ya mfalme huyo yalimshika mwishoni mwa mwaka 1788, na kupona kwake kulitangazwa mapema mwaka 1789. Basi ama mwaka umekosewa, ama sababu, ama wanakijiji walishangilia nafuu ndogo iliyotangulia ugonjwa mkubwa. Denby Dale haikujisumbua na hoja hiyo. Ilihesabu miaka yake kutoka 1788, na hesabu hiyo ndiyo iliyodumu.

Pai ya pili ilikuwa ya mwaka 1815, Napoleon aliposhindwa katika vita vya Waterloo. Husimuliwa kwamba aliyeikata ni George Wilby, mtu wa hapo aliyepigana katika vita hivyo, naye aliikata kwa upanga wake. Furaha hiyo ilikuwa na uchungu uliojificha. Mwaka ule ule wa 1815 Bunge la Uingereza, lililojaa wenye mashamba, lilipitisha Sheria ya Nafaka. Ngano ya kigeni ilizuiwa isiuzwe nchini mpaka bei ya ngano ya nyumbani ifike shilingi 80 kwa kipimo kiitwacho kota. Mwenye shamba alilindwa. Mfumaji aliyenunua mkate kwa ujira wake ndiye aliyelipa gharama ya ulinzi huo. Kwa watu ambao chakula chao kikuu ni unga, sheria ya unga ni sheria ya uhai. Askari aliyerudi kutoka Waterloo alikuta ushindi wake umepandisha bei ya ganda la pai.

Ubishi juu ya sheria hizo ulidumu miaka thelathini na mmoja. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ireland ukaleta njaa kubwa, na mwaka 1846 Waziri Mkuu Robert Peel akaziondoa Sheria za Nafaka, ingawa tendo hilo liliigawa karamu yake ya kisiasa, yaani chama chake mwenyewe, na kumwondoa madarakani. Denby Dale ilipika. Haikuwa tena kushangilia afya ya mfalme au ushindi wa jemadari. Mara hii watu walishangilia unga kwa kutumia unga. Pai ya 1846 ilikuwa na kipenyo cha karibu futi 8 na kina cha karibu futi 2, na ndani yake mliwekwa ndama, kondoo watano, ratili 100 za nyama ya ng'ombe, pamoja na sungura na ndege wa aina nyingi. Maelfu ya watu walikuja kutoka vijiji na miji ya jirani. Jukwaa lililojengwa kwa ajili ya pai na wasemaji liliporomoka, umati ukaivamia pai, na karamu iliyopangwa kwa miguu ya heshima ikaliwa kwa mikono ya vurugu. Waliosimama nyuma walirudi makwao na hadithi tu.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo kijiji kingeiogopa pai kubwa. Hakikuiogopa. Mwaka 1887 Malkia Victoria alitimiza miaka 50 ya kutawala, na kamati ya Denby Dale ikaazimia kuwazidi wazee wake. Ilitaka kila kitu kiingie: zaidi ya ratili 1,500 za nyama ya ng'ombe, nyama ya ndama, ya kondoo na ya nguruwe, sungura, kuku, njiwa, bata, bata bukini, bata mzinga, hata ndege wadogo wadogo kwa makumi. Orodha hiyo ilikuwa nzuri kusomwa. Kuipika kulikuwa jambo jingine. Nyama nyingi kiasi hicho haikuweza kuiva kwa mara moja. Ilipikwa kwa zamu, ikarundikwa chomboni, iliyotangulia ikingojea iliyofuata, na ulikuwa mwezi wa Agosti. Rundo kubwa la nyama vuguvugu hupoa upesi kandoni na kwa taratibu mno katikati, na humo katikati ndimo uozo unamoanzia, pasipoonekana, chini ya ganda zuri la rangi ya dhahabu.

Tarehe 27 Agosti 1887 pai ilikatwa mbele ya umati. Harufu iliyotoka iliwarudisha watu nyuma. Karamu ya malkia ilikwisha kabla haijaanza. Pai iliburutwa mpaka msitu wa Toby, ikafukiwa na kumwagiwa chokaa kali kama mzoga wa mnyama aliyekufa kwa tauni. Watu wa Yorkshire hawakosi mzaha hata katika aibu, na kadi za maombolezo zikachapwa kama za maiti mheshimiwa. Kasha la unga likawa limerudia maana yake ya jeneza.

Lakini sehemu bora ya habari hii haimo katika mazishi. Imo katika siku saba zilizofuata. Mabibi wa kijiji walikataa jina la kijiji chao libaki chini ya chokaa. Tarehe 3 Septemba 1887, juma moja tu baadaye, walitoa pai nyingine. Hawakushindana na orodha ya kamati. Walichukua nyama ya ng'ombe, ya ndama na ya kondoo, wakaongeza viazi kwa wingi, vitu ambavyo kila mmoja wao alivijua kwa kuvipika nyumbani mwaka mzima. Pai hiyo ikaitwa pai ya ufufuo, nayo ililiwa ikaisha. Simulizi ya kijiji hulitaja jina la askari aliyekata pai ya 1815, pamoja na upanga wake. Waliopika pai ya Septemba 1887 hutajwa kwa jumla tu: mabibi wa kijiji. Upungufu huo ni wa kawaida katika historia ya vyakula, ambamo mkataji hukumbukwa na mpishi husahauliwa.

Pai ya 1896, ya kukumbuka miaka 50 ya kuondolewa kwa Sheria za Nafaka, haina mengi ya kusimuliwa, na kwa kijiji kilichokwisha kuzika pai hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Pai ya tarehe 4 Agosti 1928 ina uzito zaidi. Umbo la duara liliachwa. Chombo kipya kilikuwa kirefu, futi 16 kwa futi 5. Hata sababu ilikuwa imebadilika. Kabla ya mwaka 1948, serikali ilipochukua jukumu la kutibu watu wote bila malipo, hospitali nyingi za Uingereza ziliishi kwa sadaka na michango, na pai hii ilipikwa ili kuichangia hospitali ya Huddersfield. Hapo karamu ilianza kufanana na bia ya kweli: aliyekula alikuwa pia ametoa, na alichotoa kilimsaidia mgonjwa asiyemjua.

Mwaka 1964 watoto wanne walizaliwa katika ukoo wa kifalme wa Uingereza, na tarehe 5 Septemba kijiji kikapika tena, katika chombo cha futi 18. Furaha hiyo ilinunuliwa kwa bei ambayo hakuna aliyeipanga: watu wanne wa kamati walikufa katika ajali ya motokaa wakirejea kutoka London, walikokwenda kuitangaza pai katika televisheni. Wenzao waliendelea. Fedha zilizopatikana zilikipa kijiji jumba la mikutano, nalo huitwa Jumba la Pai. Chombo cha 1964 kiliwekwa nje ya jumba hilo na kupandwa maua. Pai ya 1988 ilitimiza miaka 200 ya ada, na ile ya mwaka 2000 ilikuwa na uzito wa tani 12 na urefu wa futi 40. Ukubwa huo ni wa kustaajabisha, ila kwa upande wa ladha inatosha kusema kwamba hakuna mpishi awezaye kuionja tani ya kumi na mbili.

Njia ya Denby Dale, basi, ni ya chombo kimoja. Ina utukufu wake, na ina hatari yake: kosa la mtu mmoja hulisha au huua njaa au hutia aibu umma mzima. Walowezi wa Kiingereza waliovuka bahari ya Atlantiki walichukua mapishi ya pai, na huko Marekani ikawa chakula cha kubebwa kwenda kwenye mikutano ya kanisa, mavuno na minada ya hisani, kila mwanamke na yake. Ndipo jina lenyewe lilipozidi kulegea. Uingereza ilikuwa imekwisha kukubali, tangu mwishoni mwa karne ya 18, pai isiyo na unga hata kidogo, yenye kifuniko cha viazi vilivyopondwa, kwa sababu viazi vilikuwa chakula cha maskini. Wamarekani walikwenda mbali zaidi. Pai ya malai ya Boston, inayohusishwa na hoteli ya Parker House ya mji huo, ni keki ya tabaka mbili yenye malai katikati na chokoleti juu. Ilirithi jina la pai kwa kuwa keki za siku hizo zilikuwa zikiokwa katika bati zile zile za pai. Upungufu huo wa ganda haukuizuia kutangazwa mwaka 1996 kuwa kitindamlo rasmi cha jimbo la Massachusetts. Iko pia pai ya tofaa isiyo na tofaa: biskuti za chumvi huchemshwa katika sukari na maji ya ndimu mpaka ulimi unadanganyika. Hiyo ilipikwa na watu ambao tofaa zilikuwa zimewaishia, na anayeicheka hajapata kupika na ghala tupu.

Mwaka 1988, mwaka ule ule ambao Denby Dale ilitimiza miaka yake 200, jina hilo lililegezwa kwa mara nyingine, na safari hii kwa masihara ya wasomi. Larry Shaw, mtaalamu wa fizikia katika jumba la maonyesho ya sayansi la Exploratorium, San Francisco, aliona kwamba tarehe 14 Machi, ikiandikwa kwa desturi ya Kimarekani ambayo hutanguliza mwezi, hutoa tarakimu 3, 1 na 4, ambazo ndizo mwanzo wa ile namba ya duara ambayo herufi yake ya Kigiriki hutamkwa kwa Kiingereza sawasawa na pai. Wafanyakazi waliandamana kwa kuzunguka, kisha wakala pai za matunda. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi la Marekani liliitambua siku hiyo, na shule nyingi huiadhimisha kwa karamu ya kuchangia ambamo kitu chochote cha duara hupokewa. Mwalimu mkali wa mapishi angesema kwamba hapo neno limepoteza maana. Lakini limepata watu, na karamu ya bia haihitaji fasili kamili; yahitaji fasili ambayo maskini na tajiri, fundi na asiyejua, wote waweza kuitimiza bila kuona haya.

Ulegevu wa aina hiyo haukuwa mchezo katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama. Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, na tarehe 5 Desemba watu weusi wa mji huo wakaanza kuyasusia mabasi. Walisusia siku 381. Waliokwenda kazini kwa miguu walihitaji msaada, na msaada huo ulikuwa motokaa za kuwabeba, na motokaa zilihitaji petroli, matengenezo na bima. Fedha zilitoka wapi?

Sehemu moja ilitoka majikoni. Georgia Gilmore alikuwa mpishi na mkunga, mama wa watoto wengi, mwenye maneno makali. Yeye na wenzake walichanga dola 14, wakanunua kuku, mkate na majani ya saladi, wakatengeneza chakula wakakiuza katika mkutano wa wasusiaji. Kutoka hapo waliendelea na pai za viazi vitamu, keki na vyakula vya mchana, wakiuza katika saluni za nywele, mashambani pa magari ya teksi na milangoni pa nyumba, na wanunuzi wengine walikuwa wazungu wasiojua, au waliojifanya hawajui, pesa zao ziendako. Kila juma Gilmore alileta makusanyo mkutanoni, akasimama na kutangaza kiasi chake, na watu wakashangilia. Upande wa pili wa mji mwanamke mwingine akaanzisha kundi lake, na makundi mawili yakashindana ni lipi litaleta zaidi.

Kundi la Gilmore liliitwa Klabu ya Kutoka Pasipojulikana. Jina hilo lilikuwa ngao. Wengi wa wapishi walikuwa watumishi katika nyumba za wazungu, na mwajiri aliyegundua kwamba mpishi wake huwalisha wasusiaji angemfukuza siku hiyo hiyo. Basi ilipoulizwa fedha zimetoka wapi, jibu la kweli lilikuwa kwamba hazikutoka popote. Gilmore mwenyewe aliwajua waliopika, na wapishi hawakuhitaji kujuana. Hapa ndipo pai nyingi ndogo zilipoishinda pai moja kubwa: chombo kimoja cha futi 16 huonekana na kila polisi, lakini nani awezaye kuzifuata pai mia zilizofunikwa kwa vitambaa, kila moja ikitoka katika jiko lake, kila moja ikifanana na pai ambayo mwanamke yeyote humpelekea jirani?

Gilmore hakujificha kama alivyowaficha wenzake. Mwezi wa Machi 1956, Martin Luther King aliposhtakiwa, alisimama mahakamani akaeleza jinsi dereva wa basi alivyomtendea. Alipoteza kazi yake ya mgahawani. King alimshauri apikie nyumbani kwake, akamsaidia kupata vyombo, na chumba chake cha chakula kikawa mahali ambapo viongozi wa harakati walikutana na kula. Mnamo Novemba 1956 Mahakama Kuu ya Marekani iliunga mkono hukumu kwamba ubaguzi ndani ya mabasi ya Alabama ulikuwa kinyume cha katiba, na tarehe 20 Desemba mgomo ukaisha.

Majina ya wanawake wengi wa klabu hiyo hayakuandikwa popote, na hivyo ndivyo walivyotaka. Georgia Gilmore alifariki mwezi wa Machi 1990, wakati Alabama ikiadhimisha miaka 25 ya maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery. Alikuwa ameamka mapema kuwapikia waandamanaji. Chakula kilichokuwa kimekwisha kuiva waliandaliwa waliokuja kumzika.